Nani Aliyeandika Dawa Hizi?

Somo letu la leo linaanza na karatasi: nusu ukurasa wa daftari la shule, uliokunjwa mara nne, ulioletwa mlangoni kwangu jioni moja na mama jirani yangu hapa Ombaci, kaskazini mwa mji wa Arua. Mwanawe wa miaka minne alikuwa na homa tangu usiku. Mama huyo alikuwa ametoka katika kituo cha afya cha serikali, alikohudumiwa bila malipo, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa kwamba dawa zenyewe zimekwisha, akazitafute madukani. Duka la kwanza lilimtajia shilingi 38,000.

"Mwalimu, nisomee hii," aliniambia. "Nina elfu kumi na mbili tu. Nataka kujua ninunue ipi, niache ipi."

Nikasoma. Dawa mseto ya malaria. Amoksilini. Panadol ya maji. Sirapu ya kikohozi. Vitamini. Na sindano moja ambayo jina lake lilinishinda kwa mwandiko ule. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu, na sikuthubutu kuchagua. Nilimwambia turudi pamoja kwa yule aliyeandika, na jinsi safari hiyo ilivyokwisha nitakueleza baadaye. Lakini swali lake limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Nani aliamua kwamba ziwe sita? Nani aliamua kwamba zigharimu kiasi kile? Jibu halimo chumbani mwa daktari peke yake. Sehemu kubwa yake imo katika historia ya mkoa wetu wa West Nile.

Kabla ya historia, tuitazame lugha kidogo, maana ndiyo iliyotukutanisha. Kwa Kiswahili daktari *huandika* dawa, na mgonjwa *huandikiwa*. Angalia kitenzi hicho cha pili. Ukisema "nimeandikiwa dawa", umejitaja wewe mpokeaji, umeitaja na dawa, lakini mwandishi ametoweka. Ukitaka kumrudisha itakubidi uongeze "na": nimeandikiwa dawa na nani? Makala haya yote ni jaribio la kujaza nafasi inayofuata hiyo "na". Litunze pia neno *kipimo*, kwa kuwa lina maana mbili zitakazotufaa. Kipimo ni kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa, na kipimo ni uchunguzi unaofanywa ili kuujua ugonjwa.

West Nile iliingia Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, kisha likawa chini ya Sudan kwa muda mfupi. Ugonjwa ulioitisha serikali ya kikoloni katika nchi hii mpya ulikuwa malale, unaoenezwa na mbung'o wa kandokando ya mito. Dawa za malale zilikuwa na tabia ambayo msomaji wa leo ataiona ngeni: hazikuwa na bei kwa mgonjwa. Hakulipa. Lakini pia hakuulizwa. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria, daktari mashuhuri wa Kijerumani Robert Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Alipoona haimalizi ugonjwa aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Baadaye ikaja triparsamaidi, iliyogunduliwa katika Taasisi ya Rockefeller huko New York mwaka 1919 na kujaribiwa kwa wagonjwa wa Kongo ya Wabelgiji mwaka uliofuata. Hiyo nayo ilikuwa ya aseniki, na nayo iliweza kuharibu macho.

Kwa nini serikali ile ilitoa dawa bure? Wapo wanaojibu kwamba ni huruma, nami sikatai kwamba walikuwapo matabibu wenye huruma. Lakini tazama ni nani aliyechunguzwa kwa bidii. Vijana wa West Nile waliokuwa wakishuka kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Buganda walikaguliwa malale kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Mkoa wetu ulikuwa ghala la vibarua, na kibarua mwenye malale ni hasara kwa mwajiri. Basi mwandishi wa kwanza wa cheti chetu alikuwa dola, na hesabu yake ilikuwa ya nguvu kazi.

Baada ya uhuru mwaka 1962 wajibu huo ulipita kwa serikali yetu wenyewe, na kwa miaka michache uliendelea vizuri. Kilichofuata unakijua. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliondoa wafanyabiashara na wataalamu wengi walioshikilia biashara ya nchi, ya dawa ikiwamo. Vita vya 1979 vilimwondoa Idi Amin, mwenye asili ya pande zetu, na kisasi kikawashukia watu wa mkoa wake. Wengi wenu mnalijua jina la Ombaci kwa sababu moja tu: tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali, UNLA, waliingia katika misheni ya Kikatoliki ambako raia walikuwa wamekimbilia usalama, wakawaua makumi ya watu wasio na silaha. Tukio hilo linastahili makala yake lenyewe, na sitaligusa kwa haraka. Nalitaja hapa kwa sababu linaonyesha ukubwa wa kilichovunjika. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Watu wanapokimbia, muuguzi hukimbia, daftari la wagonjwa hubaki, na sanduku la dawa huporwa.

Dawa, hata hivyo, hazikutoweka. Zilihama. Zilitoka kwenye kabati la serikali zikaenda kwenye meza ya soko, kwenye begi la mchuuzi na chini ya kitanda cha mtu aliyewahi kufanya kazi hospitalini. Hali hii haikuwa ya West Nile peke yake. Mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte, aliyefanya utafiti mashariki mwa Uganda kwa miaka mingi, ameeleza jinsi dawa zilivyogeuka bidhaa ya kawaida ya kijijini katika kipindi kile. Mwenzake Harriet Birungi alichunguza jambo lililowashangaza wageni wengi: mwanzoni mwa miaka ya 1990 familia nyingi za Uganda zilikuwa zikihifadhi bomba na sindano zao wenyewe nyumbani. Mgeni aliona ujinga. Birungi aliona hesabu. Ukimwi ulikuwa umeingia, na sindano ya kituo ilikuwa imepita katika miili ya watu usiowajua. Imani kwa ofisi ya umma ilikuwa imekwisha, basi mtu aliamini sindano yake na jirani aliyejua kudunga. Ndiyo maana hata leo, mzazi akitoka kwa daktari bila sindano huona kwamba mtoto hakutibiwa. Usimcheke. Mazoea hayo yalizaliwa na miaka ambayo sindano ya nyumbani ilikuwa hospitali pekee aliyoweza kuitegemea.

Tiba ya vurugu hiyo ilikuja kwa umbo la sanduku. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, dawa takriban 200 ambazo nchi maskini ikiwa nazo inaweza kutibu sehemu kubwa ya magonjwa yake. Kenya na Tanzania zilianza mapema miaka ya 1980 kupeleka vijijini masanduku yaliyofungwa yenye dawa za orodha kama hiyo, na Uganda ikafuata katikati ya muongo huo kwa msaada wa Denmark. Ndani ya sanduku kulikuwa na klorokwini, aspirini, penisilini, dawa za minyoo na vitu vya namna hiyo. Mpango ulikuwa mzuri, na uliokoa watu. Lakini angalia tabia yake ya ndani. Sanduku hufungwa mbali, kwa wastani wa nchi nzima, na tabibu huandika kilichomo. Mwezi wa kwanza kila mgonjwa hupata klorokwini na penisilini. Mwezi wa pili kila mgonjwa hupata aspirini. Ugonjwa haukubadilika. Sanduku ndilo lililopungua.

Wataalamu walilitambua hilo, na mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mtandao wa watafiti wa matumizi ya dawa, lilichapisha mwongozo wa kuchunguza tabia ya uandikaji wa dawa vituoni. Napenda mwongozo huo kwa sababu maswali yake makuu kuhusu karatasi ya dawa ni machache, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyauliza. Mgonjwa mmoja ameandikiwa dawa ngapi? Zimeandikwa kwa jina lake la asili au kwa jina la kibiashara? Imo antibiotiki? Imo sindano? Na je, zote zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu? Iweke karatasi ya jirani yangu mbele ya maswali hayo. Dawa sita, antibiotiki ndani, sindano ndani, majina ya kibiashara yamechanganyika na ya asili. Ni kweli kwamba mwongozo wenyewe unataka angalau wagonjwa 600 kutoka vituo visivyopungua 20 kabla ya kusema lolote, na mtoto mmoja si takwimu. Lakini mama aliyesimama mlangoni na shilingi elfu kumi na mbili hana nafasi ya kusubiri wagonjwa 600.

Sasa nakuomba tufunge safari fupi. Tutoke Ombaci tuelekee kaskazini-mashariki hadi Omugo, ambako zamani kulihesabiwa kuwa wilaya ya Arua na leo ni wilaya ya Terego. Nakupeleka huko kwa sababu swali la nani huamua bei na aina ya dawa lilijibiwa pale kwa uwazi ambao sijauona kwingine.

Malale yalirudi West Nile pamoja na wakimbizi waliorejea makwao katika miaka ya 1980. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifanya kazi kwanza Moyo, kisha katika miaka ya 1990 likaweka kituo cha matibabu Omugo. Dawa waliyokuwa nayo kwa ugonjwa uliokwisha fika kwenye ubongo ilikuwa melasoproli, iliyogunduliwa mwaka 1949. Hiyo pia ni aseniki, ikiwa imeyeyushwa katika kimiminika kikali kinachounguza mshipa. Takriban mgonjwa mmoja katika kila ishirini aliuawa na dawa yenyewe. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Arua waliripoti jambo baya zaidi: zaidi ya robo ya wagonjwa waliotibiwa kwa melasoproli hawakupona. Fikiria ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu. Unaandika sumu ukijua kwamba huenda isimfae yule usiyemuua.

Na dawa bora ilikuwapo. Iliitwa eflonithini. Ilitafutwa kwanza kwa ajili ya saratani, haikufaulu huko, lakini kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, ambayo ndiyo ya West Nile, iliamsha watu waliokuwa karibu kufa hata wengine wakaiita dawa ya ufufuo. Marekani iliiidhinisha kwa malale mwaka 1990. Lakini ndani ya muongo huohuo kampuni iliyoimiliki iliacha kuitengeneza. Haikuwa na kasoro. Wateja wake walikuwa wakulima wa Omugo, wa kusini mwa Sudan na wa Kongo, na wateja hao hawakuwa na fedha.

Halafu, mwaka 2000, eflonithini ileile ilitokea tena katika maduka ya dawa ya Marekani, safari hii ikiwa krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Nimefundisha jambo hili mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza. Sina ugomvi na mwanamke anayependa uso usio na nywele. Nasema tu kwamba soko lilikuwa limeulizwa ni ugonjwa upi una thamani, nalo likajibu.

Kelele zilipigwa. MSF walikuwa wamepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1999, na sauti yao ilisikika. Tarehe 3 Mei 2001 kampuni ya Aventis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kutoa dawa za malale bure, pamoja na fedha za kuzifikisha, mchango wa dola milioni 25 kwa miaka mitano. Mwaka huohuo, katika kituo cha afya cha Omugo, madaktari walianza kujaribu michanganyiko mitatu ya dawa kwa wagonjwa wa hatua ya pili. Walipofika wagonjwa 54 walisimamisha kuandikisha wapya kwa sababu ya madhara makali. Lakini mchanganyiko mmoja kati ya mitatu, eflonithini na nifatimoksi, usio na aseniki, ulikuwa umejitenga waziwazi: wagonjwa wake 16 kati ya 17 walipona. Majaribio makubwa zaidi yalifuata katika nchi nyingine, na mwaka 2009 mchanganyiko huo uliingia katika orodha ya dunia ya dawa muhimu. Eflonithini peke yake ilihitaji dripu 56 kwa siku 14. Katika mchanganyiko dripu zilishuka hadi 14 kwa siku saba. Mito ya Arua, Maracha, Koboko na Yumbe iliwekwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye sumu ya kuua mbung'o, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina hiyo si tena tatizo la afya ya umma nchini Uganda.

Naupenda mwaka 2001 kwa sababu nyingine pia. Mwezi Machi wa mwaka huo, wakati wa uchaguzi wa rais, serikali ilifuta malipo ya wagonjwa katika vituo vyake, malipo ambayo wilaya zilianza kuyatoza katika miaka ya 1990. Watu walimiminika vituoni, na walioongezeka zaidi walikuwa maskini. Hilo lilikuwa jema, nami nililishangilia. Lakini watafiti waliopitia matumizi ya kaya waligundua jambo la kusikitisha: miongoni mwa maskini hao hao, idadi ya familia zilizoelemewa na gharama za matibabu haikupungua. Sababu waliyoiona kuwa yenye uzito ni kwamba dawa zilikwisha vituoni, na watu wakatumwa kununua nje. Tofautisha basi maneno mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya. *Bei* ya kumwona tabibu ilikuwa sifuri. *Gharama* ya kupona haikuwa sifuri.

Mambo mawili yaliongeza uzito huo. Klorokwini, iliyokuwa rahisi kama chumvi, ilikuwa imeshindwa na malaria, na kufikia 2006 Uganda ilihamia kwenye dawa mseto, iliyogharimu takriban mara kumi ya ile ya zamani. Kisha, katika mwaka wa fedha wa 2009/10, fedha za dawa za vituo vyote ziliwekwa mikononi mwa Bohari ya Taifa ya Dawa, wakati huo ikiwa Entebbe, na vidonge vikaanza kugongwa mhuri wa serikali ili visiuzwe. Kuanzia hapo hospitali na vituo vya ngazi ya nne vimekuwa vikiagiza wenyewe wanachotaka. Vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani vile vilivyo karibu na mlango wa mwananchi wa kawaida, viliwekwa kwenye utaratibu wa kupokea sanduku kila baada ya miezi miwili, lililopangwa tayari. Sanduku la miaka ya 1980 lilirudi likiwa na mhuri mpya. Mhuri ulizuia wizi kwa kiasi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini msimu wa mvua ukiwa mkali, dozi za malaria za miezi miwili huweza kwisha katika wiki chache.

Nirudi kwa jirani yangu. Jioni ileile tulimfuata aliyeandika, binti kijana wa utabibu aliyekuwa akifunga daftari la siku. Nilitarajia akasirike. Hakukasirika, alichoka tu. Nilimwuliza swali moja, lenye lile neno la mwanzo: mtoto alifanyiwa kipimo? Akajibu kwamba vipimo vya malaria vilikwisha kabla hata ya dawa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila homa ipimwe kabla ya kutibiwa kama malaria. Yeye hakuwa na cha kupimia, akaandika dawa mseto iwapo ni malaria, na amoksilini iwapo si malaria. Karatasi moja, magonjwa mawili, kwa sababu sanduku liliisha. Na sindano? "Nisipoiandika," alisema, "mama anakwenda kudungwa kwingine, na huko sijui watamdunga nini." Mama jirani yangu alitazama chini, kisha akasema polepole kwamba ni kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba.

Binti yule alichukua kalamu. Akafuta sirapu, vitamini na sindano. Akatutuma kwa mtu mwenye maabara ndogo barabarani, tukalipa elfu tatu, na kipimo kikaonyesha malaria. Tuliporudi alifuta amoksilini. Zikabaki dawa mbili, shilingi elfu saba dukani. Kabla hatujaondoka nilimwuliza jina la mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya kituo, ile kamati ya raia ambayo kwa utaratibu hupaswa kushuhudia sanduku likifunguliwa. Akaniambia kiti kiko wazi tangu mwaka jana, na kwamba mkutano wa kumchagua mwingine umeahirishwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyekuja.